Diklofenaki inaua seli za saratani maabara. Je, mama aongezewe dozi?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Uyole, Mbeya. Mama yangu ana miaka 61. Mwezi uliopita alipasuliwa saratani ya utumbo mpana, na majibu ya kinyama yakasema ni hatua ya tatu. Sasa anasubiri kuanza dripu za dawa za saratani. Ana presha, anatumia losartan na kidonge kingine cha kukojoza. Magoti yanamsumbua, hasa kipindi hiki cha baridi, kwa hiyo diklofenaki haikauki nyumbani. Kaka yangu aliyeko Makambako ametutumia video inayosema Wamarekani wamegundua kwamba dawa za maumivu zinaua saratani, na hata ya mbwa imo. Anataka mama ameze diklofenaki mbilimbili, asubuhi, mchana na jioni, mpaka dripu zianze. Je, kuna ukweli?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza.

Mama asimeze hizo diklofenaki. Si mbilimbili tu, hata mojamoja aziweke kando mpaka madaktari wake waambiwe na waseme neno. Ila kaka yako hakuokota uongo mtupu. Kuna utafiti wa kweli nyuma ya ile video, na kwa saratani ya aina ya mama yako kuna habari nzuri kuliko hata hiyo aliyoisikia. Tatizo ni kwamba ile video imeruka kutoka kwenye sahani ya maabara hadi kwenye mdomo wa mgonjwa bila kupita popote katikati.

Tuanze na hiyo sahani. Maabara za saratani hufanya kazi na seli zilizotolewa zamani kwenye uvimbe wa mgonjwa fulani, zikazoezwa kuishi nje ya mwili na kuzaliana bila kikomo. Ukoo wa kwanza wa seli za binadamu uliokubali maisha hayo ni HeLa, uliotoka kwenye saratani ya shingo ya kizazi ya Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, huko Baltimore mwaka 1951. Hakuombwa ruhusa, na hilo linajadiliwa mpaka leo. Saratani ya utumbo mpana nayo ina koo zake, kama HT-29 na HCT116. Mtafiti anazigawa seli kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, anazilisha maji yenye sukari na virutubisho pamoja na seramu ya ndama, kwa kawaida asilimia 10, kisha anaziweka kwenye kabati la joto la nyuzi 37. Halafu anatia dawa, kishimo hiki kidogo, kinachofuata zaidi, na kinachofuata zaidi tena. Baada ya siku mbili tatu anaongeza kemikali ya njano iitwayo MTT. Seli iliyo hai huigeuza zambarau. Pale panapobaki njano, seli zimekufa au zimedhoofika.

Ukisoma kwamba dawa fulani "imeua saratani maabara", mara nyingi kilichotokea ni hicho tu: vishimo kadhaa vya plastiki vimekataa kugeuka zambarau. Si utapeli. Ndivyo utafiti unavyotakiwa kuanza, na dawa nyingi tunazozitumia leo zilianzia hapo. Lakini kwenye kile kishimo hakuna tumbo la kutoboka, hakuna figo za kuchoka, hakuna ini la kuivunjavunja dawa, wala hakuna mama wa miaka 61 mwenye presha.

Swali la kuuliza kila mara ni hili: walitia dawa kiasi gani? Mtu akimeza diklofenaki ya miligramu 50, kiwango chake kwenye damu hupanda mpaka kama mikrogramu 1.5 kwa kila mililita, kisha hushuka ndani ya saa chache. Majaribio mengi ya diklofenaki kwenye seli za saratani hutumia mikrogramu 30, 60 au zaidi kwa mililita, na kiwango hicho hukaa palepale siku nzima, au hata mbili. Hiyo ni mara 20, mara 40 ya kile mwili unachokipata. Na bado hatujafika mwisho wa hesabu. Ndani ya damu, zaidi ya asilimia 99 ya diklofenaki inakuwa imeshikwa na protini iitwayo albumini, na iliyoshikwa haifanyi kazi. Kwenye sahani, ile seramu ya ndama ni kidogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa inabaki huru kuzishambulia seli. Pengo halisi ni kubwa kuliko hizo namba zinavyoonyesha.

Kwa hiyo kumwongezea mama kutoka kidonge kimoja hadi viwili hakumsogezi hata karibu na kile kishimo. Kiwango cha juu cha diklofenaki kwa mtu mzima ni miligramu 150 kwa siku. Mpango wa kaka yako, kama vidonge ni vya 50, ni 300. Umekwisha kupita kikomo mara mbili, na kwa upande wa saratani bado uko chini kabisa ya kile kilichoua seli. Unalipa gharama yote ya sumu na hupati faida.

Kuna jambo jingine ambalo video hizi hazilisemi. Dawa za jamii hii, kuanzia aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, indomethasini mpaka selekoksibu, hufanya kazi kwa kuzuia vimeng'enya viwili, COX-1 na COX-2 (selekoksibu hasa COX-2), vinavyotengeneza prostaglandini. Hizo ndizo kemikali zinazoleta joto, wekundu, kuvimba na maumivu, yaani mchochota. COX-2 huwa nyingi kwenye uvimbe wa saratani ya utumbo mpana, na prostaglandini ya E2 inajulikana kuzisaidia seli za saratani kugawanyika, kujiletea mishipa ya damu na kujificha dhidi ya kinga ya mwili. Mpaka hapo mantiki inaenda sawa. Lakini chukua ukoo wa HCT116 nilioutaja juu: seli zake hazitengenezi COX-2 yenyewe. Watafiti wakizitilia selekoksibu nyingi, zinakufa vilevile. Dawa ya kuzuia COX-2 imeua seli isiyokuwa na COX-2! Maana yake, kwa viwango vile vikubwa dawa inaua kwa njia nyingine kabisa, na mara nyingine ni sumu tu ya jumla. Mkulima wa viazi wa Umalila analijua hili bila kufundishwa: dawa ya magugu ukiimwaga bila kipimo, magugu yatakufa kweli, na viazi navyo havitapona. Ndiyo maana jaribio zuri la maabara huweka pembeni seli za kawaida zisizo na saratani, na kuonyesha kwamba zenyewe zimebaki salama kwa kiwango kilekile. Jaribio lisilo na ulinganisho huo mimi huwa silimalizii kulisoma.

Sasa hiyo dawa ya mbwa. Nadhani video inazungumzia utafiti wa Taasisi ya Broad, Marekani, uliotoka Januari 2020. Walichukua dawa 4,518, nyingi zikiwa za magonjwa yasiyohusiana na saratani, wakazijaribu kwenye koo 578 za seli za saratani za binadamu. Ujanja wao ulikuwa kuupa kila ukoo alama yake ya vinasaba, wakazichanganya kwenye sahani moja, wakatia dawa, kisha wakahesabu alama zipi zimebaki. Karibu dawa 50 ambazo si za saratani ziliua baadhi ya koo na kuziacha nyingine, jambo ambalo ni dalili nzuri kuliko kuua kila kitu. Mojawapo ni tepoksalini, dawa ya mchochota iliyokuwa ikitumika kwa mbwa wenye maumivu ya viungo. Iliua hasa seli zenye pampu iitwayo MDR1 kwa wingi. Hiyo ndiyo pampu ambayo saratani sugu huitumia kutapika dawa tunazozipa. Ni ugunduzi mzuri sana, na huenda siku moja ukazaa dawa. Lakini kilichotabiri seli ipi itakufa ni ile pampu, kwa hiyo huwezi kuihamisha habari ya tepoksalini ukaipachika kwa diklofenaki kwa sababu tu zote ni za maumivu. Na watafiti wenyewe waliutoa kama orodha ya mambo ya kufuatilia. Hawakusema wagonjwa waanze kumeza chochote.

Usidhani wazo lenyewe ni la jana. Rudolf Virchow wa Ujerumani aliona chembe nyeupe za damu ndani ya uvimbe wa saratani mwaka 1863 akahisi kwamba mchochota wa muda mrefu na saratani vina undugu. John Vane wa Uingereza alionyesha mwaka 1971 jinsi aspirini inavyozuia prostaglandini, akapata Nobel mwaka 1982 pamoja na Wasweden wawili. Miaka ya 1980 daktari mmoja wa Marekani aliona wagonjwa wenye ugonjwa wa kurithi unaojaza vinyama kwenye utumbo mpana, vinyama vikapungua baada ya kutumia sulindaki, dawa nyingine ya jamii hiihii. Jaribio la mwaka 1993 lilithibitisha: vilipungua, ila havikuisha, na dawa ikisimamishwa vilirudi.

Halafu ikaja fedheha. Rofekoksibu, iliyouzwa kwa jina la Vioxx, ilikuwa ikijaribiwa kwa watu waliowahi kuwa na vinyama vya utumbo ili kuzuia visirudi. Humo humo ndimo ilipoonekana kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi, na Septemba 2004 ikaondolewa sokoni dunia nzima. Fikiria: dawa ya kawaida ya maumivu, inayomezwa na mamilioni, na madhara yakaonekana waziwazi pale tu watu walipoimeza kila siku kwa muda mrefu chini ya uangalizi. Sahani yenye vishimo 96 isingeyaona kamwe, kwa sababu haina moyo.

Majaribio kwa binadamu yaliyofuata yamekwenda huku na huku. Nchini Marekani na Kanada, wagonjwa 2,526 wa saratani ya utumbo mpana hatua ya tatu, kama mama, walipewa dripu za kawaida. Nusu wakaongezewa selekoksibu kwa miaka mitatu. Matokeo ya mwaka 2021: hakukuwa na nafuu ya kutosha kuitofautisha na bahati. Aspirini ya miligramu 300 kwa wagonjwa 3,020 wa saratani ya matiti haikusaidia pia. Na kwa wazee wenye afya njema, 19,114 wa Australia na Marekani, waliopewa aspirini ya miligramu 100 kila siku, vifo vya saratani viliongezeka kidogo badala ya kupungua, asilimia 3.1 dhidi ya 2.3. Hakuna aliyetarajia hilo.

Kumbe sasa ile habari nzuri niliyokuahidi. Septemba 2025 yalitoka matokeo ya jaribio la ALASCCA, lililofanyika Sweden, Norway, Denmark na Finland. Walichukua watu waliopasuliwa saratani ya utumbo mpana au ya njia ya haja kubwa, wakapima uvimbe wenyewe kutafuta mabadiliko kwenye jeni ya PIK3CA na ndugu zake. Asilimia 37 walikuwa nayo. Kati ya hao, 626 wakagawanywa kwa kura: wengine aspirini ya miligramu 160 kila siku kwa miaka mitatu, wengine kidonge kisicho na dawa. Kwa wenye mabadiliko ya PIK3CA yanayojulikana zaidi, saratani ilirudi kwa asilimia 7.7 ya waliomeza aspirini, dhidi ya asilimia 14.1 ya wasiomeza. Karibu nusu imeondoka, kwa dawa ya bei ya chini kabisa katika duka lolote la dawa Mwanjelwa.

Lakini angalia masharti yake. Ni aspirini, na diklofenaki haikuwemo. Dozi ni ndogo. Waliopewa ni waliokwisha kupasuliwa na wenye mabadiliko yale kwenye jeni. Na pamoja na uangalizi wote huo, madhara makubwa yaliwapata asilimia 16.8 ya waliomeza aspirini, wenzao wakawa 11.6. Namna inavyosaidia nayo pengine si kuua seli moja kwa moja. Kwa panya, watafiti wa Cambridge nchini Uingereza walionyesha mwaka huohuo kwamba aspirini huzuia chembe sahani za damu (zile za kugandisha damu) kutoa kemikali inayolegeza askari wa kinga, na askari wakiwa macho huzikamata seli zinazosambaa. Sahani ya maabara isiyo na damu wala kinga isingeweza kutuonyesha njia hiyo hata tungeikodolea macho mwaka mzima.

Nisije nikaonekana mtu wa kukataa tu, ipo dawa ya mchochota iliyofuzu kabisa kuwa tiba ya saratani: prednisolone na ndugu yake deksamethasoni. Hizi ni jamii nyingine, ni steroidi, na huziamuru seli fulani za damu zijiue. Zimo katika matibabu ya saratani za damu na za matezi kwa miongo mingi. Kwa utumbo mpana hazina kazi hiyo. Na tafadhali, anayesoma hapa akiwa na mtoto mwenye tezi lililovimba asimpe steroidi za dukani kabla kinyama hakijakatwa. Tezi linaweza kusinyaa kwa muda, mpatholojia akakosa cha kuona, na miezi ikapotea.

Turudi kwa mama yako, maana hatari zake ni za aina yake. Diklofenaki pamoja na losartan pamoja na dawa ya kukojoza ni mchanganyiko ambao wafamasia tunauogopa: kila moja inabana figo kwa upande wake, na zikikutana figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache, hasa akiharisha au asipokunywa maji ya kutosha. Baadhi ya dawa za saratani dozi yake hupangwa kwa kutazama figo, kwa hiyo figo zikiyumba leo dripu zitachelewa au kupunguzwa. Presha nayo inaweza kupanda, kwa sababu dawa hizi hukinzana na losartan. Mshono wa utumbo bado mchanga. Tafiti za kufuatilia wagonjwa zimeihusisha diklofenaki hasa na kuvuja kwa mshono siku za mwanzo baada ya upasuaji. Na dripu zikianza, chembe sahani zinaweza kushuka. Hapo kidonda kidogo cha tumbo kilicholetwa na diklofenaki kinaweza kuvuja damu isiyosimama. Akiona choo cheusi kama lami, akitapika damu, au mkojo ukipungua na miguu kuvimba, msisubiri kliniki, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Magoti yake hayajasahaulika. Parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa siku, ndiyo ya kuanzia, na mwambieni daktari mnaitumia. Tahadhari: vidonge vingine vya dukani vimechanganya diklofenaki na parasetamoli ndani yake, kwa hiyo someni maandishi ya kwenye pakiti, msiamini rangi. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kidogo sana ukilinganisha na kidonge. Ulizeni kama anaruhusiwa. Maumivu yakizidi, hospitali zina dawa zenye nguvu zaidi zisizogusa tumbo wala figo kwa namna hii, ikiwemo mofini ya kunywa. Ikitokea daktari mwenyewe akamwandikia dawa ya jamii ya diklofenaki baada ya kuangalia figo na damu, ameze kama alivyoandikiwa. Itakuwa ya maumivu.

Siku ya kliniki nendeni na mfuko wa dawa zote anazomeza, pamoja na za mitishamba, mziweke mezani. Kisha muulize daktari wa saratani mambo mawili. La kwanza, je, uvimbe uliotolewa unaweza kupimwa PIK3CA? Kinyama chake huhifadhiwa kwenye kipande cha nta katika maabara ya patholojia, na kipimo hufanyika kwenye kipande hicho bila kumkata tena. Hakifanyiki kila mahali, kinaweza kuhitaji kutumwa mbali na kulipiwa, na huenda akasema haiwezekani kwa sasa. Kuuliza hakugharimu kitu, na ni haki yenu. La pili, kama jibu ni ndiyo, je, kwa presha yake, umri wake na tumbo lake, aspirini ya dozi ndogo inamfaa, na ianze lini? Hilo si la kuamuliwa na mimi nisiyemwona, wala na kaka Makambako.

Kaka mwambieni hivi: kama ana hela ya kununua diklofenaki za mwezi mzima, aitume iwe nauli ya kliniki. Tarehe ya dripu isipite. Kwa hatua ya tatu, upasuaji ukifuatiwa na dripu kwa wakati wake ndiyo tiba iliyothibitishwa kwa binadamu na kuokoa maisha ya wengi, na kuchelewa miezi kunaipunguzia nguvu.

Nunueni na kipimajoto, vipo vya bei nafuu. Dripu zikishaanza, joto likifika 38 au kupita, mwende hospitali usiku huohuo kabla hamjampa kidonge chochote cha kushusha homa, kwa sababu kidonge kinaweza kuficha dalili ambayo mara nyingine ndiyo pekee ya kuonyesha kwamba chembe nyeupe zimepungua na maambukizi yameingia.